Kilomita Ishirini na Saba za Pundalik

Mengi ninayosimulia huwa nayatia chumvi, na watu wa kijijini kwetu wanalijua hilo. Nikisema nyati wangu wa kufugwa aliwahi kujaza ndoo tisa za maziwa kwa mkao mmoja, wao wenyewe wanaondoa saba, na hakuna ugomvi. Lakini siku tuliyoshuka mlima wa Gaganbawda ndani ya gari la mwanangu Pundalik, hiyo sikuitia kitu. Ilikuja na chumvi yake.

Pundalik alikuwa kondakta wa basi la serikali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakugusa usukani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi na kuvuta ile kamba ya kengele inayopita juu ya vichwa vya abiria. Kuvuta mara moja, dereva anasimama. Mara mbili, twende. Ilimwingia mwilini. Nyumbani akimaliza kula aligonga sahani mara mbili ndipo ainuke. Siku mkewe alipofariki, binti yao Revati akiwa na miaka tisa, walipobeba jeneza nilimwona mwanangu anagonga ubao wake mara mbili kwa kidole, taratibu, watu wasimwone. Mimi niliona. Tangu siku hiyo Revati nikamlea mimi, na sina mjukuu mwingine.

Tena Pundalik alikuwa mtu wa kuamini kilichochapishwa. Tiketi ikisema rupia nane ni rupia nane, hata kama abiria ni shangazi yake. Kwa hiyo alipostaafu akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari, hakuamini gari, aliamini karatasi ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, dogo. Dogo hasa. Nilipoliona uani kwetu mara ya kwanza niliuliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Mama, usianze," Pundalik akasema. Akanifungulia ile karatasi ya kampuni, yenye kung'aa, akaweka kidole juu ya tarakimu. Mimi kusoma sijui, ila kidole nilikiona hakibanduki pale. "Lita moja ya petroli, kilomita ishirini na saba. Imeandikwa."

Karatasi ile aliitia kwenye nailoni ngumu akaitundika ukutani, jirani kabisa na miungu ya nyumba. Nilipokuwa nikiwasha taa ya jioni ilibidi niwe mwangalifu nisije nikaivukizia ubani na yenyewe.

Sasa, kwetu gari jipya likiingia kijijini hakuna anayeuliza lina nguvu gani, wala rangi imetoka wapi. Wanauliza neno moja tu, kama wanavyouliza mnadani kuhusu nyati. Shripati mwenye kibanda cha chai alilitupa hata kabla ya ndimu na pilipili za kukinga kijicho kutundikwa mbele ya gari.

"Inatoa ngapi?"

"Ishirini na saba," Pundalik akajibu, akanyoosha kola.

"Lo! Na ndama yuko wapi?" Wanaume wote wakaangua kicheko, na mwanangu akacheka nao, maana hakuwa bado amejaza tangi la pili.

Alipojaza la pili akapiga hesabu, likatoka kumi na sita. Akapiga upya. Kumi na sita. Siku ile hakula chakula cha usiku, na sahani haikugongwa.

Nikamwambia, "Pundalik, wewe umekulia zizini. Yule mtu anayeuza nyati mnadani anafanyaje? Hamkamui tangu jana yake. Asubuhi kiwele kimejaa kama mtungi, anamkamua mbele yako, lita kumi na mbili, unalipa. Ukimfikisha nyumbani anakupa sita. Nyati hakudanganya. Maziwa yalikuwepo kweli. Ila siku ile ilikuwa siku ya mnada. Hawa wenye kiwanda nao walilikamua gari siku ya mnada."

"Mama, hii ni kampuni. Wana wahandisi."

"Na mwuza nyati ana shemeji zake wa kumsifia. Kazi ni ileile."

Hakunisikia. Kwake yeye karatasi haikukosea, aliyekosea ni mwendeshaji. Akaanza kujitesa. Akaendesha miguu mitupu ili akanyage mafuta kwa ulaini. Akatoa tairi la akiba na jeki, akavifungia ghalani, kwamba ni mizigo. Akatoa mazulia ya chini. Kiyoyozi akakipiga marufuku, na madirisha pia tuyafunge, upepo usituvute nyuma, tukawa tunaiva mle ndani kama maandazi ya mvuke. Mimi mwenyewe alinipima kwenye mizani ya miwa. "Kilo hamsini na nane, mama. Ungevaa sari nyepesi."

Likapanda likafika kumi na nane, likagoma hapo.

Ndipo akagundua mteremko.

Mara ya kwanza aliponionyesha, ilikuwa kiangazi, tunatoka sokoni, barabara inashuka kidogo kuelekea mtoni. Akagonga dashibodi mara mbili, ting ting, akatoa gia, akazungusha ufunguo nyuma. Injini ikafa. Gari likaendelea kwenda.

Mimi nimewahi kukuta swila ndani ya pipa la mpunga nikamwambia asubiri nimalize kupepeta. Mama mkwe wangu, ambaye mbwa walikuwa wakimpisha njia, nilikuwa namjibu. Lakini kimya kile kilinifanya nishike mlango kwa mikono miwili. Tairi zinanong'ona chini, mti unapita dirishani, mwingine unapita, na mbele yangu kuna kitu kimekufa ambacho bado kinakimbia.

"Unaona, mama? Hapa tunakula kilomita bure. Hailambi hata tone."

"Washa."

"Ni bure, nasema."

"Pundalik, washa kabla sijakuzaa upya."

Akawasha, akicheka. Lakini tangu hapo kila palipoinama alizima, na kwenye hesabu yake ishirini na saba ikapatikana, siku nyingine ishirini na tisa. Akaitangaza kibandani kwa Shripati kila asubuhi, na wanaume wakaanza kumnyamazia, kwa wivu. Mwanangu alinenepa kwa heshima ile. Mimi nilianza kukataa kupanda gari. Nikasingizia goti.

Mambo yangebaki hivyo kama Revati asingepata mchumba. Kijana ni Mangesh, anatoka kule chini ya mlima, upande wa bahari, mtoto wa Sadanand Khot mwenye mashamba ya korosho. Kijana mzuri, masikio makubwa kidogo. Tukapanga siku ya kwenda kwao kutaja tarehe ya harusi, mwezi wa Shravan, mvua ikiwa imejaa. Jioni moja Khot akapiga simu kupanga mambo ya chakula, na kabla hajakata akauliza, kama mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Na gari lenu, mkwe, linatoa ngapi?"

"Ishirini na saba. Wakati mwingine ishirini na tisa."

Simu ilikuwa ya sauti kubwa, nikamsikia Khot anavuta pumzi. "Ajabu. Langu ni lilelile, mwaka uleule, linatoa kumi na saba. Sasa ama fundi wangu ni mwizi, ama petroli ya huku ni maji, ama mkwe wangu anapenda utani."

"Sipendi utani."

"Basi fanya hivi. Huko juu jaza tangi mpaka mdomoni. Ukishuka, mimi nitakuwa nakusubiri hapa sheli ya njia panda. Tutajaza tena mpaka mdomoni, tuone limekunywa ngapi. Nikishindwa, ladu na vitamu vyote vya harusi juu yangu."

Alicheka, na pengine alikuwa anacheka kweli. Lakini Pundalik alipoweka simu chini uso ulikuwa umembadilika. "Akiniona mwongo kwenye gari," akaniambia, "ataniona mwongo kwa binti. Atajiuliza nimeficha nini kingine."

Nilijua hapohapo mlima ule atauteremka vipi. Sikupata usingizi siku mbili. Nikasema goti limepona, nakwenda nao. Kama mjukuu wangu anawekwa ndani ya kile kimya, sitakaa nyumbani nikisikiliza saa ya ukutani.

Asubuhi ya safari Pundalik alikagua mizigo kama polisi wa mpakani. Zawadi ya kuwapelekea wakwe ilikuwa donge la sukari guru la kilo kumi, kutoka kwenye kinu cha majirani, jekundu, gumu kama jiwe la kusagia.

"Kilo tano zinatosha, mama. Kilo kumi ni nusu kilomita nzima."

"Sawa, baba, nitalikata." Nikaingia ndani, nikalifunga donge zima kwa gunia na nailoni, nikalipakata chini ya sari, nikaketi kiti cha nyuma na tumbo la miezi minane. Revati alikaa mbele, akaniona kwenye kioo, akauma mtandio wake asicheke.

Tukajaza tangi mpaka petroli ikamwagika kidogo, tukaondoka. Mvua ilikuwa ya kwetu, ile isiyonyesha kwa matone bali inasimama tu angani. Kila tulipoinama kidogo, ting ting, kimya. Tukipanda, anawasha. Kimya, anawasha. Wipa zinapiga, taa zinawaka, injini imekufa, tena na tena, kwa saa nzima. Mimi sijui umeme unakaa wapi ndani ya gari, ila nilikuwa naona wipa kila tukizima zinakwenda polepole zaidi, kama mtu anayechoka kupepeta.

"Pundalik, zile fagio zinachoka."

"Ni baridi, mama."

Juu kabisa, barabara inapoanza kuangukia bondeni, kuna kibanda cha mungu wa kike wa mlima. Hakuna dereva asiyesimama pale. Malori yanasimama, basi la mwanangu miaka thelathini na mmoja lilisimama, dereva anashuka, anapasua nazi, anapaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, ndipo anashuka mlima. Pundalik alipunguza mwendo tu. Akafungua dirisha, akarusha sarafu. Niliiona inaruka, inagonga ngazi, inadondoka mtaroni.

"Simama!" nikapiga kelele.

"Kusimama na kuondoka ndiko kunakokunywa, mama. Atatuelewa."

"Baba, tusimame tu," Revati akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tukirudi tutapasua nazi mbili."

Ting ting. Akatoa gia, akazima.

Sasa sikilizeni. Mlima ule barabara yake imekatwa ubavuni, upande mmoja mwamba unatiririka maji, upande mwingine ukuta mfupi wa mawe unaofika kiunoni, na nje ya ukuta ni ukungu. Siku ile ukungu ulikuwa umefika hadi ukutani, mweupe, umelala kama maziwa ndani ya bakuli, hujui kama chini yake kuna kina cha kidole au cha minara kumi. Mimi najua. Nilipita pale wakati wa jua. Juu ya miti iliyo chini kule mwewe wanaruka, na wewe unawaona migongo.

Kona ya kwanza alikanyaga breki, gari likatii. Kona ya pili likatii kwa shida. Ya tatu nikamwona anasimama karibu wima juu ya pedali, mguu mtupu umekuwa mweupe kwenye vidole, na gari linapungua kidogo tu, kidogo sana.

"Imekuwa ngumu," akasema. Hakuwa anatuambia sisi.

"Nini imekuwa ngumu?" Revati akauliza.

"Breki. Imekuwa jiwe. Na usukani."

"Washa, baba," Revati akamwambia.

Akazungusha ufunguo. Gari likasema krr. Akazungusha tena. Tik, tik, tik, tik, kama mashine yake ya tiketi ikiwa imeisha karatasi. Na kwa ile tik ya mwisho wipa zikasimama katikati ya kioo, zimenyooka juu kama mikono ya mtu aliyetekwa.

Maji yakafunika kioo. Hatukuona kitu tena.

Ninyi mnaoniita mwongo, nawaambieni nilisikia mvua kila tone peke yake. Nilisikia tairi. Nilimsikia Pundalik anapumua kwa mdomo. Na hakuna sauti nyingine, wala ya ndege, na gari linaongeza mwendo, nalihisi mgongoni, kama mtu anayekusukuma kwa kiganja kimoja taratibu tu.

Revati alifungua dirisha, akatoa nusu ya mwili nje, mjukuu wangu, mvuani, akafuta kioo kwa mtandio. Pakatokea tundu kama sahani. Ndani ya tundu nikaona ukuta wa mawe unakuja.

"Kulia! Baba, kulia!"

Nikamvuta Revati sketi nikamrudisha ndani kwa nguvu ambayo sijui niliitoa wapi. Pundalik akaukumbatia usukani, akauzungusha kwa mabega mawili. Upande wa kushoto ukakwaruza mawe, kioo cha pembeni kikang'oka kikaingia ndani ya ukungu. Sikusikia kikianguka. Nilisubiri, na sikusikia.

Honi ikalia huko chini, lori linapanda. Likatokea kwenye ukungu taa zake mbili kubwa, likapita upande wa mwamba karibu sana hadi nikaona rangi ya kucha za dereva. Revati akavuta breki ya mkono. Harufu ya kuungua ikajaa, gari likayumba, mwendo ukabaki uleule.

Halafu nikaona kitu kilichoniogopesha kuliko ukuta. Pundalik aliachia mkono mmoja wa usukani. Akaunyanyua juu ya kichwa, taratibu, vidole vimekunjwa, akaanza kupapasa dari. Anapapasa kushoto, anapapasa kulia. Macho yake yako mbele, hayaoni.

Alikuwa anatafuta kamba ya kengele. Alikuwa anataka dereva asimame.

Hapo nikajua ndani ya gari lile hakuna dereva. Yupo kondakta wangu, na yupo mtoto wangu, na dereva hayupo.

Mume wangu, Bhiva, alikuwa na gari la kubebea maziwa. Betri yake ilikufa mwaka ule alionunua, na betri mpya hakuwahi kununua, kwa sababu alikuwa na mke. Miaka kumi na moja, kila asubuhi, mimi nilisukuma gari lile kwenye uwanja wetu hadi likimbie, naye akiwa juu anajiamrisha kwa kelele maneno yaleyale. Nimeyasikia mara nyingi kuliko maneno ya sala.

"Kanyaga klachi!" nikapiga kelele. "Pundalik! Mguu wa kushoto, kanyaga mpaka chini!"

Mguu ukaenda chini. Miaka hamsini na minane, na akisikia sauti ile bado anatii.

"Revati, ile fimbo ya gia. Gia ya pili! Isukume kwa baba yako... hapana, kwako! Kwako, halafu nyuma!"

Mjukuu wangu aliishika kwa mikono miwili. Ikalia kama mfupa. Ikaingia.

"Achia klachi! Achia sasa, wee kondakta, twende!"

Nikagonga nyuma ya kiti chake mara mbili. Ting ting.

Akaachia. Gari likapiga teke. Donge la sukari guru liliruka kutoka mapajani kwangu likanipiga kidevuni, jino moja likaenda, na lilikuwa mojawapo ya yale ninayoyatumia. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikanguruma. Wipa zikaanza kukimbia kama wendawazimu. Na kile kiganja kilichokuwa kinatusukuma mgongoni kikaondoka.

Pedali ikalainika. Pundalik akasimamisha gari pale barabara inapopita juu ya maporomoko madogo, ubavuni mwa mwamba. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi, na gari bado linajisogeza mbele kidogo kidogo, breki zimeiva. Jeki na tairi la akiba, ambalo lingeweza kuzuia, viko ghalani nyumbani vinapumzika. Nikashuka na donge langu la kilo kumi, nikalisukumia mbele ya gurudumu. Gari likalipanda nusu, likalibonyeza, likatulia.

"Ulisema utalikata," Pundalik akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema.

"Nimekudanganya. Mshukuru mama yako mwongo."

Akaketi chini barabarani, mvuani, akaangalia mkono wake ule wa kamba. Revati alikuwa ameegemea mwamba, mtandio mweusi wa matope, meno yanagongana. Nikamfunika na sari yangu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulisikiliza injini ikinguruma, na sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, hata nyimbo za harusi.

"Nimemweka mwanangu mle," Pundalik akasema. "Kwa ajili ya namba."

"Ndiyo," nikamwambia. Nikalitema lile jino kiganjani.

Kabla ya kuondoka nilichana ukingo wa sari yangu, nikaingia kiti cha mbele, nikafunga ule ufunguo pale ulipo, nikauzungushia kitambaa hadi kwenye kijiti cha wipa kilicho kando ya usukani mara saba, na nikapiga fundo la kufungia nyati dume. Ukitaka kuuzungusha nyuma, ukate kwanza. Pundalik alitazama, akarudi kwenye usukani. Tukashuka mlima uliobaki kwa gia ya kwanza, tukinguruma, tukinywa petroli kama maharusi wanavyokunywa sharbati, na malori yanatupita yakitupigia honi.

Khot alikuwa anatusubiri sheli ya njia panda kama alivyosema, mtu mfupi mwenye mwavuli mkubwa, na pembeni yake Mangesh na masikio yake. Kijana wa pampu akaja na bomba.

"Zima gari, mzee."

"Haizimiki," Pundalik akasema.

"Zima gari! Sheria! Hapa ni petroli, mzee, siyo chai."

"Nimekwambia haizimiki. Muulize mama."

Kijana akachungulia, akaona fundo, akaniangalia. Mimi nilikuwa nina damu kidevuni na jino mkononi. Akarudi nyuma na bomba lake.

Kwa hiyo petroli haikujazwa, na gari lile lilikunywa ngapi siku ile hakuna anayejua mpaka leo.

Khot akaja dirishani. Aliona ubavu uliokwaruzwa, na mahali kioo kilipokuwa. Aliona matope juu ya Revati, na nadhani alianza kuelewa, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Mkwe. Inatoa ngapi?"

Nilimtazama mwanangu. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika usukani, ingawa gari limesimama.

"Kumi na sita," Pundalik akasema. "Na mvua, kumi na tano. Ile nyingine nilikuwa naipata kwa kuzima injini mteremkoni. Leo nimezima nikiwa na binti yangu, tukaponea ukutani. Kama unataka kuvunja uchumba, hutakosea."

Khot aliinama zaidi dirishani. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mwavuli wake. Halafu akasema, "Langu siyo kumi na saba. Ni kumi na nne. Nilikuwa naona haya." Akamgeukia Mangesh, na sasa sauti ikampanda. "Na wewe! Nani alikuonyesha kuzima pikipiki kwenye mteremko wa kanisani? Nilikuona Jumapili! Nipe ufunguo!"

Tulikwenda nyumbani kwao, tukapewa kinywaji cha kokamu, tunda chachu la kule, na tui la nazi, na donge la sukari guru likawekwa sebuleni na alama za tairi juu yake, watu wakaja kulitazama. Tarehe ikatajwa. Lakini gari lilikuwa bado linanguruma uani, maana fundo langu lilishinda wanaume wanne, mpaka mama Mangesh akaenda jikoni akaja na kile kisu cha kushikwa kwa mguu cha kukatia mboga na kukunia nazi.

Akakata kitambaa. Pundalik akazungusha ufunguo nyuma, na injini ikafa.

Kikarudi kile kimya. Uani pale tambarare, miongoni mwa watu, penye watoto na kuku, kilikuja kilekile, na mikono yangu miwili ikatafuta mlango wa kushika. Nikageuka nikamtafuta Revati. Alikuwa amesimama mlangoni, nyayo zote mbili ziko chini, kwenye sakafu, na sakafu haiendi popote. Nilizitazama nyayo zile mpaka mtu akaniuliza mara ya pili kama chai yangu itiwe sukari.